Ugonjwa Niliolitia Gari la Chef

Siku yangu ya kwanza kazini niliimaliza nimekaa juu ya tairi kuukuu, nikinusa chupa tatu. Karakana ilikuwa mtaa wa Birere, mjini Goma, nyuma ya maduka ya vitenge, mahali ambapo watu na chukudu, yale mabaiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, waligombania njia tangu asubuhi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimeteremka kutoka Rutshuru na shati la kuazima, na nilidhani nitapewa ufunguo niingie chini ya gari. Chef d'atelier, yaani mkuu wa mafundi, alinitazama kidogo, akaenda kwenye kabati, akaniwekea chupa miguuni.

"Nusa. Mupaka saa sita utaniambia ya kwanza ni nini, ya pili ni nini, ya tatu ni nini."

"Alafu, Chef?"

"Alafu utakula."

Ya kwanza ilikuwa esanse safi, ile ambayo wenzetu wa mashariki wanaiita petroli. Sisi Goma tukisema petroli tunataja mafuta ya taa, na hayo ndiyo yaliyokuwa katika chupa ya tatu. Ya pili ilikuwa mchanganyiko wa hizo mbili, nayo ndiyo iliyonitoa jasho. Nilinusa mpaka kichwa kikawa chepesi na Birere yote ikaanza kuelea. Sauti za wauzaji zilinijia kutoka mbali, ukungu ukashuka juu ya mabati, na mimi nikajikuta katikati ya migomba ya mama yangu. Chef akanipiga begani.

"Bahati, uko unalota?"

"Hapana, Chef."

"Uko unalota. Bon. Lota, lakini pua ibakie hapa."

Hilo la kuota limeniandama maisha yangu yote. Nimestaafu sasa, nakaa Keshero, na mchana nikijinyoosha kidogo kitandani, upepo wa ziwa ukiingia dirishani, nasikia magari yaliyokwisha kufa zamani yakipanda barabara moja baada ya jingine. Ninayajua kwa kikohozi chake. Lile la padri, lile la muuza samaki, lile la mwalimu ambalo halikupenda asubuhi. Vijana wananiuliza tulifanyaje kazi bila kompyuta, nami nimeamua kuwaandikia. Lakini nitawaambia pia jambo nililomfanyia Chef, maana nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Chef alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, mfupi, Mkatoliki wa kila Jumapili, na salopeti yake ya buluu, yaani ovaroli ya kazi, ilipigwa pasi kama suti ya arusi. Kwake hapakuwa na gari lililoguswa kabla mwenyewe hajahojiwa. Alimkalisha mteja juu ya benchi, akasimama mbele yake na mikono nyuma. Ilianza siku gani? Inazimika ikiwa ya baridi ao ya moto? Kwenye kupanda ao kwenye kushuka? Ukingoja, inawaka tena? Mfanyabiashara mmoja mnene alichoka na maswali hayo akafoka.

"Chef, mimi nilileta motokari. Sikukuja kuungama."

"Hata hapa utaungama, Papa. Hii esanse ulinunua kwa nani?"

Yule Papa akainamisha macho. Alikuwa ameinunua kando ya barabara, kwenye vidumu, kwa mtu asiyemjua. Chef akachovya ndani ya tangi waya wenye kitambaa, akanipaka nyuma ya mkono. Esanse safi hupoza ngozi mara moja, ikapotea, ikaacha weupe mkavu. Hii ilibaki, ikang'aa kama mafuta ya kujipaka. "Anakunywa petroli," Chef alisema kwa huruma, akilitazama gari, wala si mwenyewe.

Gari kuukuu la karabureta ni kiumbe rahisi kuelewa ukikubali kwenda naye polepole. Esanse hutoka kwenye tangi nyuma, hupita katika bomba jembamba chini ya tumbo la gari, huingia kwenye chujio, hupigwa na pampu, mpaka ifike kwenye karabureta, ambako huchanganywa na hewa ndipo iende kuungua. Ndani ya karabureta mna kiboya kidogo kinachopanda na kushuka kufunga na kufungua mlango. Kiboya kikitoboka, unakitikisa karibu na sikio, unasikia tone likicheza ndani. Pampu nayo ina ngozi nyembamba ndani yake. Ngozi ikipasuka, esanse inaingia kwenye oili, na ukichomoa kijiti cha kupimia oili pua inakuambia. Zaidi ya hapo kuna matundu madogo kama ya sindano, na vumbi letu jeusi la volkano linayapenda kupita kiasi.

"Fuata esanse namna inatembea," Chef alikuwa akituambia. "Usiruke. Mutu anaruka, anafungua karabureta bure, alafu anabakia na skurubu moja mukononi yenye hajue fasi yake."

Nilikaa naye miaka saba, halafu nikapelekwa Masisi, kwenye hospitali moja milimani, kutunza gari la wagonjwa. Ninapokumbuka Masisi naiona kama kupitia kioo chenye mvuke. Ng'ombe walisimama kwenye majani marefu, mawingu yakapita kati ya miguu yao, na mahali fulani ndani ya weupe huo kengele ililia. Daktari Mkurugenzi alinipokea mlangoni.

"Bahati, hii motokari ikizimika na mama wa mimba ndani, utaniita mimi ao utamuita Mungu?"

"Nitaita chupa, Docteur."

Alinidhani mwendawazimu. Lakini kule shida ilikuwa maji. Esanse ililala kwenye mapipa, baridi ikaufanya ukuta wa pipa utoe jasho, na jasho likateremka ndani. Kila asubuhi nilijaza chupa moja, nikaiweka dirishani, nikasubiri. Maji yalijitenga, yakakaa chini kama mtu mzima aliyechoka, na esanse ikabaki juu. Nilikuwa nikisahau kula kwa kuitazama. Gari lile halikuzimika hata siku moja likiwa na mama ndani, na hilo najivunia mpaka leo.

Vita vilipopanda milimani, hospitali ikafungwa, nikarudi Goma kwa Chef. Alinipokea kana kwamba nilikuwa nimetoka tu kununua sigara.

Vijana, nyinyi mnajua waasi kwa majina yao. Mimi nawakumbuka kwa magari. Kila jeshi lililoingia Goma liliingia kwa miguu likataka kuondoka kwa gari. Walipita nyumba kwa nyumba, wakisikia injini inaunguruma vizuri basi gari limekwenda. Ndipo kazi yetu ilipogeuka. Watu waliokuwa wakituletea magari tuyaponye wakaanza kutuletea tuyatie ugonjwa. Walikuja wakitazama nyuma, wakanong'ona.

"Fundi, unipatie motokari ugonjwa. Lakini ugonjwa muzuri."

Ugonjwa mzuri ni ule usioharibu kitu, usioonekana, na ambao fundi wa askari hawezi kuupata. Kuchomoa waya hakukusaidia, kila mtu alikuwa akijua. Gari lililokataa kuwaka kabisa liliwafanya askari wahisi wamechezewa, wakampiga mwenyewe. Bora lililowaka kwa adabu, likaenda mitaa miwili, likafa. Walilitukana, wakaliacha. Nilikuwa hodari katika hayo. Kila gari nililitia ugonjwa wake, nikakariri kichwani, maana kuandika kulikuwa hatari. Niliona kama ninacheza, na nadhani ndipo kosa lilipoanza.

Chef mwenyewe alikuwa na gari dogo la rangi ya mbingu, alilolijenga kutokana na mawili yaliyokufa. Lilikuwa miguu ya mkewe, Mama Adèle. Mama huyo alivunjika nyonga zamani, mfupa ukaungana vibaya, na kutembea kwake kuliishia kwenye mlango wa uwanja wao, mtaa wa Mabanga. Bila gari hakuna misa, hakuna soko, hakuna kutoka. Siku moja Chef aliniita nyumbani.

"Hii yangu nayo uigonjweshe."

"Chef, wewe mwenyewe unaweza."

"Ninaweza. Lakini nikifanya mimi, nitajua. Na askari bakinipiga, nitasema. Mimi siko mutu wa kuvumilia fimbo, Bahati. Ufanye wewe, na usiniambie."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Nikabaki uwanjani na lile gari, na ninakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi. Mtu aliyenifundisha kazi alikuwa ameniachia gari lake nimfiche ugonjwa. Nilitaka niufiche mahali ambapo hata yeye asingeupata. Nikafikiria pampu, nikafikiria kiboya, nikaviacha, maana Chef angevifikia kwa kufuata esanse inavyotembea. Mwishowe nilitabasamu peke yangu.

Kifuniko cha tangi, kwenye magari yale ya zamani, kina tundu dogo. Esanse ikitoka, hewa inaingia kuchukua nafasi yake. Ziba tundu hilo, na tangi linaanza kujinyonya lenyewe. Pampu inavuta, inavuta, mpaka inashindwa, na injini inazimika. Ukingoja, hewa inapenya kidogokidogo pembeni, na gari linawaka tena kana kwamba lilikuwa linatania. Utafungua chujio, safi. Utafungua karabureta, safi. Dawa yake ni kulegeza kifuniko, ukasikia tangi linavuta pumzi. Ni ugonjwa wa kitoto, fundi wa mwezi mmoja anaujua na akiusahau wenzake wanamcheka. Kwa hiyo niliuchagua. Nilijua Chef angetafuta mbali. Nikaziba tundu kwa sabuni ya kufulia, nikapaka vumbi juu.

"Nimemaliza, Chef," nilisema nje ya mlango. "Siku ukiitaka, unitumie mutu. Ni kazi ya dakika moja."

"Usiseme hata dakika!" alijibu kutoka ndani. "Ukisema dakika, nitaanza kufikiri."

Askari walilichukua baada ya majuma machache. Lilifika kona ya pili. Fundi wao alifungua karabureta, akapuliza kila tundu, akawasha, likafika kona ya tatu. Jioni majirani walilisukuma mpaka nyumbani wakiimba. Chef alinishika mkono kwa muda mrefu, hakuuliza kitu. Gari likabaki hivyo hivyo, gonjwa, kwa sababu askari nao walibaki. Kanisa lilikuwa karibu. Gari lilifika kabla ya kukosa pumzi, likapumzika wakati wa misa, likarudi. "Akili yangu inataka kutafuta," Chef aliniambia siku moja, akicheka. "Naikatalia."

Halafu ukaja mwaka ambao mlima uliteremka.

Tulikuwa tumezoea wekundu wake. Kila jioni Nyiragongo, ile volkano yetu, iliwaka juu ya mawingu, na watoto walilala wakiitazama. Siku hiyo ardhi ilitetemeka tangu asubuhi, na alasiri watu wakaanza kupita mbele ya nyumba yangu, Keshero, wakiwa na magodoro kichwani, hawasemi kitu. Mteja wangu mmoja mwenye lori alisimama akapiga honi. Nilipandisha mke na watoto, nikapanda mwenyewe, na lori likaingia kwenye barabara ya Sake taratibu kama usingizini, mbuzi mbele yetu, masufuria yakigongana, majivu yakitushukia nyweleni. Sikumbuki sauti yoyote ya mtu kulia. Nakumbuka tu nyayo nyingi.

Tulipofika Sake mke wangu aliniuliza kama nilifunga mlango. Nilifungua mdomo kujibu, na badala ya mlango wetu nikaona kifuniko kile. Nilikuwa nimemsahau Chef. Mtu pekee duniani aliyejua dawa ya gari lile alikuwa ameketi Sake juu ya gunia la mtu.

Nilitaka kurudi kwa miguu. Watu waliokuja nyuma yetu walisema moto umekata mji vipande viwili, kutoka kiwanja cha ndege mpaka ziwani, na Mabanga iko ng'ambo. Basi nikakaa, nikaanza kuhesabu bila kutaka. Kutoka mlango wa Chef mpaka mpakani mwa Rwanda, ambako wangekimbilia. Pumzi ya gari lile niliijua. Niliijua kona ambayo lingefia, nikamwona Chef akishuka, akifungua boneti, akifuata esanse inavyotembea, bila kuruka, huku Mama Adèle akiwa ameketi ndani bila miguu. Nilijiambia, Bahati, umemuua. Nilijiambia hivyo siku zote tulizokaa kule.

Nilirudi ule uji wa moto ukiwa umeganda kuwa jiwe, nalo bado la moto. Nilitembea juu yake na soli za viatu vyangu zikanuka. Pua yangu, iliyotambua nusu kikombe cha petroli ndani ya tangi zima, haikutambua kitu; harufu ya kiberiti ilikuwa imeijaza hewa yote. Mitaa haikuwapo. Nilipita usawa wa mabati, nikitazama chini ndani ya vyumba vya watu nisiowajua, mvuke ukipanda kimyakimya kila upande, na kwa muda nilisahau nilichokuja kufanya. Kisha nikaliona. Rangi ya mbingu, boneti na kioo cha mbele tu. Kuanzia milango kwenda nyuma lote lilikuwa ndani ya jiwe. Viti vya mbele vilikuwa vitupu. Lilikuwa mbele kidogo ya kona niliyoihesabu, lakini siku hiyo sikulitilia maanani. Niliita jina la Chef mpaka mtu mmoja akanionea huruma akanishika mkono.

Niliwakuta siku ya tatu ya kuwatafuta, na walikuwa Keshero, kwa mdogo wake Mama Adèle, mitaa minne kutoka kwangu. Walikuwa wamevuka mpaka na wengine wote, kisha wakarudi. Mama alikuwa juu ya mkeka, na vijana wawili wasiojulikana walikuwa wamemsukuma juu ya chukudu mpaka ng'ambo. Chef alikuwa amekaa kando yake na salopeti ile ile, haina pasi. Nilipiga magoti nikalia kama mtoto.

"Simama," Chef alisema. "Fundi halie mbele ya bateja."

Kuhusu gari hakusema neno. Karakana ya Birere ilikuwa imemezwa, kwa hiyo tuliongea juu ya mpya. Alikwisha kuona kiwanja kando ya barabara ya Sake. Tulikwenda wote wawili, akachora kwa kijiti juu ya mchanga mweusi. Shimo la kuingia chini ya magari hapa, benchi hapa, kabati la chupa hapa. Ingekuwa yetu sote wawili, jina langu na lake. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile. Kisha, bado ameshika kijiti, akaniuliza bila kunitazama.

"Sasa unambie. Ulinifungia wapi?"

Nilimtazama. Alikuwa amekonda. Nikafikiria mzee huyu ameinama juu ya boneti, moto nyuma yake, anatafuta mbali kitu cha kitoto ambacho angekicheka kwa mwanafunzi. Sikuweza.

"Ndani ya pampu, Chef. Ile ngozi. Niliitoboa kidogo."

"Ndani ya pampu."

"Ndiyo, Chef."

"Ile hakuna mutu angeipata katikati ya barabara."

"Hakuna, Chef. Hata wewe."

Ziwa lilikuwa jeupe, halina upepo. Kisha Chef akasema nimefanya kazi ya fundi, akafuta mchoro kwa mguu, tukarudi. Niliona nimetenda jema kubwa. Nilikwenda nyumbani karibu niruke.

Juma lililofuata aliniambia niendelee peke yangu, yeye amechoka. Hakufungua tena boneti ya mtu. Nikadhani ni majivu kifuani, nikadhani ni umri. Nilifungua karakana ndogo, nikafanya kazi peke yangu, na miaka ilipopita nikaajiriwa na shirika moja la misaada chini ya Logisticien, mkuu wa magari na mizigo. Huko ndiko nilikokutana na kompyuta. Unachomeka waya, inakuambia ugonjwa. Siku moja ilituambia gari halina kitu, na gari lilikuwa linakohoa. Nikamhoji dereva kama Chef alivyofanya, nikapaka esanse nyuma ya mkono. Logisticien alitazama mkono wangu, akatazama kompyuta.

"Muzee, hii mambo ulisoma wapi?"

"Birere, bwana. Juu ya tairi."

Waasi wengine walikuja, wakaondoka. Watu waliniomba tena magonjwa mazuri, nikakataa, nikasema magari ya siku hizi hayakubali. Haikuwa kweli. Chef alikufa katika miaka hiyo, kwa amani, kitandani. Nililibeba jeneza lake upande wa kulia.

Siku niliyostaafu nilikwenda kumwarifu Mama Adèle. Yuko bado Keshero, bado juu ya mkeka wake, macho yamefifia lakini ulimi uko palepale. Alinitilia chai. Nje kulikuwa na ile mvua nyembamba isiyo na sauti, na sijui ni kitu gani kilinisukuma. Labda mtu akimaliza kazi anataka kurudisha vyombo vyote mahali pake.

"Mama, kuna neno nilimudanganya Chef. Ile motokari, haikuwa pampu. Ilikuwa kifuniko cha tangi."

Aliendelea kukoroga chai.

"Najua. Naye alijua."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayeeleza njia. Gari lilisimama mara ya kwanza, Chef akafungua boneti, akatazama, likawaka tena. Likasimama mara ya pili. Safari hiyo hakwenda mbele. Alikwenda nyuma, akalegeza kifuniko, na yeye Mama, aliyeketi ndani, akasikia tangi likivuta pumzi.

"Akacheka, Bahati. Batu banakimbia, moto iko kule nyuma, na ule mwanaume anacheka. Akasema, angalia ile mutoto alinifanyia nini! Akawasha, ikaenda muzuri kabisa. Alafu batu bakajaa mbele, hata mbuzi haikupata fasi. Bale bijana ba chukudu bakaniona, bakanichukua. Tukaiacha pale."

Nikakumbuka lilikuwa mbele ya kona niliyoihesabu.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuwa anataka umwambie wewe. Alirudi ile siku mulienda kwenye kiwanja, akakaa pale unakaa. Akaniambia, Bahati ananiona nimekuwa muzee. Ananificha ugonjwa kama mutu anamuficha mugonjwa. Akasema, namna gani nitafanya naye karakana?"

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu na sikuhisi moto wake. Nilikuwa nimehesabu huruma yangu kama tendo jema maisha yote, na ndiyo iliyofuta mchoro ule kwenye mchanga. Miaka yote ile angekuwa kando yangu, anahoji wateja, ananigombeza kwa kuota. Vijana mnaosoma haya, mkificha ugonjwa, kwa sababu yoyote ile, mwambieni mwenyewe akiuliza. Hasa akiwa anajua kuliko nyinyi. Sina ushauri mwingine mkubwa kuliko huo.

"Alikasirika sana?" niliuliza.

Mama Adèle aliwaza, akitazama mvua ambayo sidhani aliiona.

"Kukasirika, hapana. Ulipomwambia pampu, alikuwa amekwisha kutayarisha kicheko. Alikaa na ile kicheko mupaka akakufa."